Noah imeniganda nyuma, nifanye nini?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, naishi Tanga mjini na kazi yangu iko Muheza. Tangu mwaka jana naendesha IST yangu kwenda na kurudi, mara alfajiri, mara usiku, kutegemea zamu. Shida yangu si gari, ni madereva wenzangu. Wananiganda nyuma, wanapiga fulu (taa kali), honi haziishi. Wiki tatu zilizopita nilipoipita Pongwe, Noah ilinifuata hivyo kwa muda mrefu. Nikagusa breki kidogo ili aone taa aniachie nafasi. Akanipita kwa hasira, akanichomekea, akasimama mbele yangu barabarani, akashuka akaja kunigongea kioo huku anatukana. Nikashusha kioo nimwombe radhi, akaingiza mkono. Bahati abiria wake walishuka wakamvuta. Tangu siku ile nikiona taa nyuma yangu mikono inatetemeka. Mume wangu anasema nikaze, nisiwe mnyonge. Mwenzangu kazini kaniambia nibandike L nyuma ili wanihurumie, nami nimebandika. Nisaidie."*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninavyokuelewa unauliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni namna ya kuendesha mtu akikuganda nyuma. La pili, ambalo hukulitamka wazi, ni kama kosa lilikuwa lako. Nianze na hilo la pili. Yule bwana kukuzuia njia, kukutukana na kuingiza mkono garini mwako ni makosa yake peke yake, na mengine kati ya hayo ni jinai. Hakuna uendeshaji wako wowote unaompa mtu ruhusa ya kufanya hivyo. Lakini kuna mambo mawili uliyoyafanya siku ile ambayo nataka usiyarudie kamwe. Moja ni ile breki, la pili ni kile kioo.

Ile breki naijua, na wengi wanaitumia. Wanaamini taa nyekundu zikiwaka, aliye nyuma atashtuka na kurudi nyuma. Hebu tupige hesabu. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Mtu akikuganda kwa hatua tano, pengo lenu ni mita nne au tano, nalo ni mwendo wa robo ya sekunde au pungufu. Binadamu aliye macho kabisa, hana simu mkononi wala hajakesha, anahitaji kama sekunde nzima tangu aone kitu hadi mguu wake ufike kwenye breki. Kwa hiyo ukifunga breki kweli, huyo wa nyuma atakugonga hata akitaka asikugonge. Na ukigusa tu kumtisha, unamwambia mtu ambaye tayari ana hasira kwamba umeingia naye ulingoni. Kwa Noah ulipona. Ingekuwa semitrela iliyojaa saruji, breki zake za upepo zinachelewa kidogo kushika na uzito wote ule unaendelea kusukuma. Nisingependa kuendelea na mfano huo.

Unachotakiwa kufanya ni kinyume cha kile ambacho moyo unakutuma. Mtu akikuganda nyuma, ongeza nafasi ya *mbele* yako. Najua inasikika kama kichekesho, lakini fikiri. Nafasi ya nyuma anaishika yeye, huwezi kumnyang'anya. Ya mbele unaishika wewe. Kwa kawaida tunafundisha sekunde mbili: gari la mbele likiipita nguzo ya umeme au mnazi, unasema polepole "mia moja na moja, mia moja na mbili", ndipo nawe uufikie mnazi ule. Ukigandwa, zifanye nne. Mbuzi akikatiza Muheza au lori likisimama ghafla mbele, utakuwa na nafasi ya kupunguza mwendo taratibu, na yule wa nyuma naye atapata muda asioustahili wa kupunguza. Unabeba nafasi ya watu wawili. Si haki, lakini ndiyo inayokufikisha nyumbani.

Huenda akaiona hiyo nafasi mbele yako akachukia zaidi, au akapita na kujichomeka hapo hapo. Mwache. Akishajichomeka, inua mguu kwenye mafuta, hesabu upya sekunde zako. Amekuwa tatizo la mtu mwingine.

Usiongeze mwendo ili kumridhisha pia. Hili nalo ni kosa la watu wengi, hasa madereva wapya. Ukitoka 60 kwenda 80, atakuganda kwenye 80. Ukienda 100, atakuganda kwenye 100, na sasa nyote wawili mko katika mwendo ambao wewe hukuuchagua. Breki zikishikwa sawasawa, mwendo ukipanda kutoka 80 hadi 100, umbali wa kusimama, tangu breki zishike, unazidi kwa zaidi ya nusu.

Sasa tuje kwenye kupitwa, maana hapo ndipo watu wanakufa, na kwenye barabara yetu ya njia mbili kutoka Tanga hadi Segera hakuna pa kujificha. Tuseme wewe uko kwenye 60 na Noah iko kwenye 80. Ili itoke nyuma yako, ikupite na kurudi kushoto kwa usalama, inahitaji kukuzidi kwa mita 40 hivi. Kwa tofauti hiyo ya mwendo itachukua kama sekunde saba, na katika sekunde hizo itakuwa imekwenda zaidi ya mita 150. Gari linalokuja mbele kwa mwendo huo huo nalo linakuwa limekula mita 150. Sasa wewe, kwa kuambiwa usiwe mnyonge, ukakaza ukafika 70. Zile sekunde saba zinakuwa kumi na nne, na ile njia ya upande wa kulia inatakiwa iwe wazi mita 600 badala ya 300. Akikosa nafasi, hatarudi nyuma yako. Atakuja kushoto, na kushoto uko wewe. Kwa heshima zote kwa mumeo, ambaye najua anasema kwa mapenzi, kukaza wakati unapitwa ni kusaini karatasi ambayo hujaisoma. Mtu akishatoka kukupita, inua mguu. Usifunge breki, inua mguu tu, na ukae upande wako wa kushoto bila kuyumba.

Kuhusu kumpisha, nina maoni yangu na wengine hawakubaliani nami. Wapo wakufunzi wanaosema shika mwendo wako halali na asiyeweza kusubiri apite mwenyewe. Kisheria hawajakosea. Lakini mimi nasema mpishe, na mpishe mapema, kabla hajapandisha hasira. Mabasi na malori makubwa mwisho wao ni kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, na wewe ukienda 50 mahali ambapo si kijijini wala hakuna kibao cha 50, unamziba mtu aliye ndani ya sheria. Jiulize kwa ukweli: mwendo wako kwa kawaida ni upi? Tanga hadi Muheza ni kilomita 35 hivi. Kwa 60 ni dakika 35, kwa 80 ni dakika 26. Ukiingia kituo cha daladala mara tatu kupisha watu, hujapoteza hata dakika tatu.

Ila chagua mahali. Usikimbilie kutoka nje ya lami kwa sababu mtu kapiga honi. Ukingo wa lami sehemu nyingi una ngazi, na chini yake kuna changarawe au mchanga, pamoja na mtoto wa shule na mzee na baiskeli yake. Matairi ya kushoto yakishuka ukiwa kwenye 70, gari linavutwa. Dereva anashtuka, anakata usukani kulia kwa nguvu, gari linapanda lami ghafla na kurukia upande wa wanaokuja. Ajali za namna hiyo hata hazimhusishi yule aliyekuganda. Yeye huwa ameshafika Kange. Basi ikitokea umeshuka, shika usukani imara uende moja kwa moja, inua mguu, acha gari lipungue mwendo, kisha rudi polepole. Na unapotaka kupisha kwa hiari yako, washa indiketa ya kushoto mapema, shusha mwendo kidogo kidogo, ingia kituoni au sheli, mwache apite.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda likakupunguzia hofu. Si kila fulu ni tusi. Barabara zetu zina lugha yake isiyoandikwa kwenye kitabu chochote, na aliyejifunza udereva mwaka jana hajaijua yote. Anayekuja mbele akipiga fulu mara mbili mchana, mara nyingi anakuambia kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo huko mbele. Usiku anakuambia taa zako zinamuumiza. Wa nyuma akipiga mara moja kabla ya kutoka, anasema "nakuja, kaa hapo hapo". Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, linakuonya usipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto linakuambia njia ni nyeupe. Hapo naomba unisikilize vizuri: ishara hiyo ya lori ipokee kama habari, usiipokee kama amri. Indiketa ya kulia huenda kweli anakata kulia, ya kushoto huenda anasimama kushusha magunia. Anayepita ni wewe, macho yawe yako.

Ila yupo yule wa kwako, wa honi zisizoisha. Kabla sijawa mwalimu niliendesha basi kwa miaka 12, na siku moja mtu wa namna hiyo nilikuwa mimi. Tulikuwa tunatoka Arusha, tumechelewa Mombo kwa pancha, konda analalamika, abiria wanalalamika. Baada ya Segera nikakuta gari dogo jeupe mbele yangu. Nililiganda hadi Hale. Nilikuwa juu, naliona paa lake tu, na kichwani kwangu halikuwa na mtu ndani, lilikuwa kitu kilichowekwa barabarani kunichelewesha. Nilipopata nafasi nikapita nikitazama chini ili nimwoneshe sura yangu. Alikuwa mzee, ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele tu, midomo inacheza. Alikuwa anaomba dua. Tulifika Tanga tumechelewa vile vile.

Sikusimulii ili umhurumie mtu wa Noah. Nataka uone kinachotokea ndani ya kichwa chake. Mwenye hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni, aliyepitwa na mwenzake kituoni, aliyelala kwa muda wa saa nne tu, mwili wake uko kwenye mapambano kabla hata hajakuona. Moyo unakwenda mbio, macho yanabana, anaona kilicho mbele yake peke yake. Katika hali hiyo kila unachofanya anakisoma kama dharau: ukipunguza mwendo umemdharau, ukimtazama kwenye kioo umemdharau, ukiinua mkono kuomba radhi anaweza kuona umemtukana. Ndiyo maana nakuambia usizungumze naye kwa namna yoyote. Usimjibu kwa honi, wala kwa taa, mkono au macho. Mvua ikinyesha hubishani nayo, unawasha waipa na kushusha mwendo. Huyu naye mchukulie hivyo hivyo.

Usiku, akikupiga fulu kwa nyuma, kioo cha ndani kina kijishikio kidogo chini yake. Kivute, mwanga utafifia. Vioo vya pembeni usivikodolee macho. Na anayekuja mbele na fulu, tazama ukingo wa kushoto wa barabara hadi apite, usitazame taa.

Tuje kwenye kile kioo. Mtu akikuchomekea na kusimama mbele yako, jambo linaloamua kila kitu ni pale uliposimama wewe. Ukisimama huku unayaona matairi ya nyuma ya gari lake yanapogusa lami, una nafasi ya kukata usukani na kuondoka. Ukiyakosa, umemkaribia mno. Usizime gari. Weka milango loki, na kwa IST yako loki zote ziko kwenye mlango wako, izoee swichi yake hadi uibonyeze bila kutazama. Vioo juu. Ukilazimika kumsikia, acha uwazi usiopitisha kidole. Akishuka na kukujia, usishuke, usimwombe radhi, usimjibu. Kama njia ni wazi, ondoka taratibu bila kumgusa. Kama umezibwa mbele na nyuma, weka mkono kwenye honi usiachie, washa hazadi, piga polisi kwa 112. Watu wetu wakisikia honi ndefu hutoka kutazama, na wewe unataka watu watazame. Hata siku ile waliokuokoa ni abiria wake wenyewe.

Ukiona anaendelea kukufuata baada ya hapo, usiende nyumbani. Hili wanaosahau ni wengi. Mtu akikosa utulivu anakimbilia kwake, na sasa yule mwenye hasira ameijua nyumba na watoto. Nenda kituo cha polisi, au stendi ya Kange, au sheli yenye taa na watu. Kwenye zamu zako za usiku ijue mapema sehemu ya namna hiyo kila baada ya kilomita kadhaa. Wewe una bahati moja, kazini kwako kuna mlinzi na geti.

Mjini mambo ni mengine kidogo. Ngamiani ukimgusa bodaboda, hata kama kosa ni lake, wenzake kumi watakuwa wamefika kabla hujafungua mkanda. Kama kuna aliyeumia, wajibu wako ni kusimama na kumsaidia, na wewe ni muuguzi, sina haja ya kukufundisha. Lakini ukiona watu wanaokota mawe, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa hapo hapo.

Je, uripoti lile la Noah? Ndiyo, na wiki tatu si nyingi. Kama unakumbuka namba ya gari, mahali, saa na mwelekeo, nenda polisi Pongwe au kituo cha kwako ufungue taarifa upewe namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako. Kwa gari la abiria unaweza pia kupeleka malalamiko LATRA, ndio wanaotoa leseni za usafirishaji, na mmiliki anaogopa zaidi leseni yake kuliko faini ya dereva wake. Nisikudanganye, mara nyingine taarifa moja haifiki mbali. Lakini namba ya gari ikija kutajwa mara ya pili na ya tatu na watu tofauti, mambo hubadilika. Usijaribu tu kupiga picha kwa simu huku unaendesha. Hilo ni kosa la kwako sasa. Iseme namba kwa sauti mara tatu, utaikumbuka hadi utakaposimama. Wengine wananunua kamera ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Ni nzuri kama ushahidi, ila haizuii lolote kutokea.

Limebaki la mikono kutetemeka. Siku yoyote ukikutana na kisa, usiendelee na safari ukiwa hivyo. Simama mahali penye watu, zima gari, shuka, nunua chungwa, mwili uchukue dakika 20 kushuka kutoka kule ulikopanda. Dereva aliyetoka kutishwa huendesha vibaya kwa muda bila kujua. Anapita mahali ambapo hakupaswa kupita, au anakosa kuona mwenda kwa miguu. Lakini kwa hofu iliyokaa wiki tatu, nataka ufanye mambo mawili. Tafuta mwalimu wa udereva mwenye subira, au ulizia chuo cha ufundi cha VETA, ukae naye kwa muda wa saa mbili kwenye barabara hiyo hiyo ya Muheza, mchana, mtu akukalie kushoto huku ukizoea upya taa za nyuma. Na kama unaota tukio lile, unakosa usingizi, unatafuta sababu za kubadilisha zamu ili usiendeshe, au moyo unakwenda mbio hata ukiwa abiria, hapo si suala la udereva tena. Nenda hospitali ya Bombo au kwa daktari wa hapo kazini kwako ukaeleze kama unavyomshauri mgonjwa aeleze. Ungemwona mgonjwa ana dalili hizo ungemwambia asubiri?

Mumeo mpe salamu zangu, na Jumamosi moja mkae wote garini, yeye kiti cha abiria, mwende hadi Muheza na kurudi. Muulize mkirudi kama bado anataka ukaze.

Na hiyo L, kama leseni unayo, ibandue. Ni alama ya mwanafunzi, kisheria si yako, na niliowaona wakiganda magari yenye L ni wengi kuliko walioyahurumia.